ID. Polo ya euro 25,000: itafaa Arusha–Moshi, au nitafute nyingine?

Mkazi_Njiro
Habari wakuu. Nimevutiwa na Volkswagen ID. Polo, gari dogo la umeme ambalo mfano wake ulionyeshwa Machi 2023 kwa jina la ID. 2all, bei ya kuanzia ikitajwa euro 25,000. Ndugu yangu yuko Ujerumani, anaweza kuninunulia na kuisafirisha. Safari zangu ni Njiro hadi Moshi mjini na kurudi, umeme wa nyumbani ni fezi moja. Niangalie nini kabla hajaweka oda?

Fundi_Sakina
Mkuu, mwambie asiweke. Gari la Ujerumani lina usukani wa kushoto. Ukiwa nyuma ya lori pale Kikatiti, huoni kinachokuja mpaka utoe nusu ya gari upande wa pili. Kama lazima litoke Ulaya, chukua la Uingereza. Na hiyo 25,000 ni ya toleo la chini, lenye betri ndogo. Bado meli, ushuru wa forodha na VAT 18%.

Umbali haukusumbui. Gari la ukubwa huo hula yuniti 15 hivi kwa kilomita 100, na safari yako yote ni kilomita 160. Moshi iko chini ya Arusha kwa mita 500 hivi, kwa hiyo kupandisha kilo 1,700 wakati wa kurudi kunakula yuniti 2 na kidogo. Sehemu ya hizo unaipata ukishuka, maana ukiachia pedali mota inageuka jenereta. Jumlisha na zinazopotea kwenye kuchaji, weka yuniti 27. Kwa LUKU ya shilingi 356 kwa yuniti ni kama 9,600.

Waya_Mekundu
Kazi ipo kwenye umeme wa nyumbani. Kuchaji kwa soketi ya kawaida ni ampea 10, yaani kilowati 2.3. Yuniti 27 zitachukua karibu saa 12, na plagi ikiwa imelegea itayeyuka, kwa sababu soketi hizi hazikutengenezwa kubeba mzigo huo usiku kucha mfululizo.

Weka chaja ya ukutani ya ampea 32 yenye sakiti yake, kutoka kwenye bodi moja kwa moja. Waya wa shaba milimita 6 za mraba unatosha hadi mita 30. Hapo volti zinashuka 7 hivi. Zaidi ya mita hizo panda hadi waya wa milimita 10 za mraba. Breka ya umeme unaovuja iwe ya aina B, au aina A kama chaja ina kinga yake ya mkondo wa DC. Usikubali aina AC, mkondo wa DC unaipofusha. Ethi ipimwe kwa kifaa. Chaja nyingi zinagoma kabisa ethi ikiwa mbovu, na watu wanadhani gari limeharibika.

Mkazi_Njiro
Asante sana. Bodi ina breka kuu ya 40, na kuna hita ya maji.

Waya_Mekundu
Basi punguza chaja iwe ampea 16 kwenye mipangilio. Saa 7 hadi 8 unakuwa umemaliza, na hita haitaangusha breka kuu.

Mama_Betri
Kaka, angalia Citroën ë-C3 ya Uingereza: betri ya LFP (aina ya lithiamu na chuma) yuniti 44, kilomita 320 kwa WLTP, kipimo rasmi cha Ulaya, na uvungu wa sentimita 16 hivi unaovumilia matuta yetu. LFP unaijaza hadi asilimia 100 bila wasiwasi. Renault 5 ni nzuri pia, lakini betri yake ni NMC (aina ya nikeli na kobalti), siku za kawaida ishie asilimia 80.

Dhamana ya betri ya miaka 8 mara nyingi haivuki mipaka ya soko lake. Kwa hiyo kabla ya kulipa, omba ripoti ya afya ya betri yenye namba ya chasisi. Uliza pia kama fundi wako ana kompyuta inayoweza kuingia kwenye seva za kiwanda, maana kipuri kikibadilishwa bila kusajiliwa, gari linaweza kukataa kuwaka. Na betri ndogo ya volti 12 usiidharau: ikifa, hata ile kubwa ikiwa imejaa, gari haliamki.

Mkazi_Njiro
Nimeelewa. Oda ya Ujerumani nimeisimamisha. Naanza na fundi kupima ethi.