Tupeane uzoefu: usajili wa Selective Service na maombi ya uraia wa Marekani

Ndugu wanajukwaa mnaoishi Marekani, hasa wazazi wenye vijana wa kiume, naomba tupeane uzoefu kuhusu jambo linalozitia hofu familia nyingi. Sheria inamtaka mwanamume mwenye umri wa miaka 18 hadi 25, awe raia, mkimbizi, mwenye grini kadi au hata asiye na hati, ajiandikishe Selective Service, idara ya serikali inayotunza orodha ya wanaoweza kuitwa jeshini, ndani ya siku 30 tangu kutimiza miaka 18, au tangu kuingia nchini ikiwa amekwisha kuvuka umri huo. Anayeishi kihalali kwa viza ya masomo hahusiki. Fomu N-400 ya kuomba uraia inaliuliza jambo hili waziwazi, na wapo wanaoacha kuomba kwa kudhani kwamba kujiandikisha ni kupelekwa vitani.

Mchangiaji, Ohio:
Sisi tulitoka Kivu, tukapitia kambi ya Nyarugusu. Barua ilipofika nyumbani ikiwa na jina la mdogo wangu, mama aliificha, kwani kule tulikotoka kijana akishaandikwa jina na wenye silaha, aghalabu wazazi hawamwoni tena. Tulimweleza kwamba Marekani haijamlazimisha mtu kuingia jeshini tangu mwaka 1973, kwamba usajili ulirejeshwa mwaka 1980 ili orodha iwepo tu, na kwamba vijana hawawezi kuitwa kwa lazima mpaka Bunge na Rais waidhinishe. Hakushawishika, wala sikumlaumu. Aliyemtuliza ni mzee mmoja wa kanisani kwetu, ambaye wanawe wote walisajiliwa miaka mingi iliyopita, wakasoma, wakaoa, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuitwa. Mdogo wangu alijisajili akiwa ameketi kando ya mama.

Mchangiaji, Texas:
Binamu yangu aliingia kama mkimbizi akiwa na miaka 22, na shirika lililompokea halikumweleza lolote. Alipoomba uraia alikuwa na miaka 29, na baada ya kutimiza 26 mtu hawezi tena kusajiliwa. Ilimbidi athibitishe kwamba hakukwepa kwa makusudi. Aliomba Selective Service barua rasmi ya kueleza hali yake, akaandika hati ya kiapo kusimulia alivyofika na asichoambiwa, na afisa akaridhika. Inaniuma kwamba miezi yote ile ya wasiwasi ingeepukwa kwa sentensi moja siku aliyopokelewa.

Mchangiaji, Minnesota:
Naongeza kwamba aliyevuka miaka 31 bila kujisajili kwa kawaida hazuiwi kupata uraia, kwa sababu tabia njema, ambayo ni sharti la uraia, huangaliwa hasa katika miaka mitano ya mwisho kabla ya maombi.

Mchangiaji, Maryland:
Mimi nilishinda bahati nasibu ya viza nikiwa Dar es Salaam, nikaingia nikiwa na miaka 24, na usajili wangu ulifanyika kupitia maombi yenyewe ya viza. Hata hivyo nilihama nyumba mapema na sikuiona barua ya uthibitisho. Nilihakiki katika tovuti ya Selective Service kwa jina la ukoo, namba ya Social Security na tarehe ya kuzaliwa, nikachapisha ukurasa ule na kuuambatanisha na N-400. Wazazi wenye vijana ambao hawajafika miaka 26, nawasihi wahakiki wiki hii hii, kwa kuwa nafasi ya kujisajili ingalipo.