Nimetoka kwake, lakini cherehani yangu bado iko kule

Fundi wa Nkuhungu
Habarini wapendwa. Nimeishi na mwenzangu miaka mitatu, bila mahari wala cheti. Hajawahi kunipiga. Ila nilifika mahali nikisikia pikipiki yake getini naanza kujikagua: redio iko juu? Simu nimeiweka wapi? Mlenda umepoa? Hela yangu ya kikoba, laki nne, aliichukua kwa maneno ya kukopa, marejesho nikalipa mimi kwa kushona sare za shule mpaka usiku wa manane. Nikiuliza, siku nne sisemeshwi. Kwaya niliacha. Kwa dada Kongwa niliacha kwenda, maana nikirudi ni kesi.

Wiki tatu zilizopita nilibeba begi moja, nikapanga chumba Chang'ombe. Usiku ule nilinunua chipsi, nikala nimekaa kitandani, hakuna wa kuniuliza nilikuwa wapi. Nililia, lakini nilishiba.

Shida ni Jumapili jioni, namkumbuka mno. Na cherehani niliyoinunua kabla sijamjua anasema niifuate mwenyewe, peke yangu. Niende?

Mama Wawili, Kibaigwa
Mwanangu, usiende. Mimi nilifuata sufuria, nikakaa miaka miwili mingine. Alinipikia chai, akaomba msamaha, nikavua viatu. Nenda mchana, na kaka yako, na mjumbe wa mtaa ashuhudie. Huko kumkumbuka usikuogope, hata jino bovu likitolewa ulimi unalitafuta.

Msaidizi wa sheria, Area C
Pole dada. Cherehani ni yako, tafuta risiti au aliyeshuhudia ukinunua. Mlivyochuma pamoja ni suala jingine. Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mwanamume na mwanamke wakithibitika kuishi pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawatambua kama mume na mke, hudhaniwa wameoana, ingawa dhana hiyo inaweza kupingwa mahakamani. Kwa hiyo usikubali kuambiwa huna lako. Meseji zake usizifute. Akianza vitisho, nenda Dawati la Jinsia na Watoto, polisi.

Fundi wa Nkuhungu
Asanteni sana. Mama, hiyo sufuria imenikaa rohoni, maana hata mimi nilishachagua gauni la kuvaa siku ya kwenda. Nimempigia kaka, anakuja Jumamosi na kirikuu. Jumapili jioni kuna mazoezi ya kwaya. Mwalimu kasema sauti ya pili wamepungua, niwahi saa kumi.