Mtoto anajikuna usiku, dawa ya minyoo amepewa lakini hali inarudi. Nifanyeje?

Mama Kifungua Mimba, Umoja:
Hamjambo wenzangu. Naishi na mume wangu, mama mkwe na watoto wawili: mkubwa ana miaka 6, mdogo mwaka mmoja na nusu. Huyu mkubwa hujikuna makalio usiku mpaka analia. Mchana hana neno, anacheza na kula vizuri. Nilimnunulia albendazole duka la dawa hapa mtaani, akatulia, baada ya wiki kadhaa ikarudi. Nikampa tena, ikarudi tena. Kliniki walipima choo wakasema hakuna kitu. Juzi usiku nikammulika kwa tochi ya simu, nikaona minyoo midogo myeupe kama nyuzi, inatembea! Sasa maabara iliangalia nini? Au dawa ni bandia? Jirani ananiambia nimfukuze paka. Tena nina mimba ya miezi miwili, sijui nami nimeze au la. Nisaidieni.

Shosho wa Kawangware:
Pole mwanangu. Sisi tulitafunishwa mbegu za papai na asali, tukapona. Jaribu.

Muuguzi wa Zamu:
Shosho, asante. Papai ni chakula kizuri, ila kwa minyoo hii nisingeacha dawa ya hospitali nikategemea mbegu.

Mama, uliyoyaona kwa tochi ndiyo jibu. Mnyoo jike hutoka usiku na kutaga mayai kwenye ngozi, pembeni mwa njia ya haja kubwa. Mayai hayatagwi ndani ya choo, ndiyo maana kipimo cha choo mara nyingi hakioni kitu. Si lazima maabara walizembea. Kipimo chake ni selotepu: asubuhi mtoto anapoamka, kabla hajaoga wala kwenda haja, unagusisha upande wenye gundi kwenye ngozi hapo, unabandika kwenye kioo cha maabara na kupeleka. Lakini kama umeiona kwa macho, hata hicho hukihitaji.

Na dawa si lazima iwe bandia. Albendazole huua minyoo iliyo tumboni, mayai haiyawezi. Mtoto akijikuna, mayai huingia chini ya kucha. Baada ya saa chache tu yameshakomaa, akitia kidole mdomoni anaanza upya. Yaliyoanguka kwenye shuka na nguo huweza kukaa wiki 2 au 3 yakiwa hai. Kwa hiyo nyumba nzima imeze siku moja, na wote warudie baada ya wiki 2. Mtu mzima na mtoto wa miaka 2 kwenda juu ni miligramu 400 mara moja. Huyo mdogo hupewa nusu, 200, lakini mpeleke kwanza aonwe. Wewe usimeze. Miezi 3 ya kwanza ya ujauzito tunaziepuka albendazole na mebendazole, dawa nyingine ya minyoo. Mwambie muuguzi wako wa kliniki ya wajawazito.

Paka mwacheni. Minyoo hii ni ya binadamu kwa binadamu.

Fundi wa Dandora:
Niongeze kidogo. Mimi niliharisha damu na kamasi, nikawa nanunua dawa ya minyoo kila mara. Kumbe ni amiba, kijidudu cha tumboni, na dawa yake ni nyingine kabisa. Watu wa mtaani tunaita kila kitu cha tumbo minyoo.

Muuguzi wa Zamu:
Kweli kabisa, kaka. Amiba na jiadia, kijidudu kingine cha tumboni, hutibiwa kwa metronidazole au tinidazole. Tegu ana dawa yake pia. Minyoo ya safura humaliza damu, mtu akawa mweupe na kuchoka. Ukiona damu kwenye choo, kukonda au kuishiwa nguvu, usikimbilie duka la dawa. Nenda upimwe.

Mama Pacha, Kasarani:
Dada, usafi ndio uliotutoa sisi. Najua maji ya Umoja ni ya mgao, kwa hiyo yapangie kazi. Asubuhi ya kumeza dawa, toa shuka, foronya, taulo na nguo za kulalia. Usizikung'ute ndani, mayai yatarukia kila mahali. Zikunje polepole, zifue kwa maji ya moto, anika kwenye jua kali. Futa sakafu kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia vumbi. Kata kucha za wote ziwe fupi. Mtoto alale na chupi ya kubana, na asubuhi aoshwe makalio kabla ya chai, kwa maji ya kumwagia na kopo, wala si beseni moja la watoto wawili. Mikono kwa sabuni kila akitoka chooni. Shuka si lazima kila siku, ila chupi ibadilishwe kila asubuhi.

Mama Kifungua Mimba, Umoja:
Mungu awabariki. Tatizo ni baba watoto. Anasema yeye hajikuni, hawezi kumeza dawa ya watoto. Na mimi nisiyemeza nitaponaje?

Muuguzi wa Zamu:
Mwambie wengi huwa nayo bila kuwashwa hata kidogo. Yeye asipomeza, mtoto ataipata tena kwake, na mtanunua dawa mwaka mzima. Muonyeshe ujumbe huu.

Kwako, mnyoo huishi takriban wiki 6. Ukishika usafi huo kikamilifu muda wote huo bila kumeza mayai mapya, iliyomo hufa yenyewe. Ikikuzidi, daktari ataamua baada ya miezi 3 ya kwanza ya ujauzito kupita.

Mama Kifungua Mimba, Umoja:
Ameshaisoma, amekubali. Tutameza Ijumaa jioni ili Jumamosi nifue. Je, nimzuie shule kwanza?

Muuguzi wa Zamu:
Hapana, aende. Mweleze mwalimu wake kwa siri ili wazazi wengine waangalie watoto wao, na asitajwe jina mbele ya wenzake.