Kikundi cha Familia: Salma na Mwanaisha Wanakwenda Tijuana

ALHAMISI, BAADA YA ISHA

Salma: Assalam alaykum wote. Shikamoo Shangazi. Mwanaisha ananiambia Tijuana iko hapa hapa chini ya San Diego. Jumamosi tunataka kwenda kushinda huko, jioni turudi. Unatupa ruhusa?

Shangazi Zuhura: Wa alaykum salaam, marahaba mwanangu. Ni karibu kweli. Mnapanda Trolley, treni ya mjini, laini ya buluu, mpaka kituo cha mwisho, San Ysidro. Mkishuka, geti la Mexico liko hatua chache tu, mnavuka kwa miguu. Lakini kwanza fungua pasi yako. Viza ya Marekani ni ya kuingia mara moja au mara nyingi?

Salma: Mara nyingi. Nimeiangalia sasa hivi, imeandikwa M.

Shangazi Zuhura: Alhamdulillahi. Mwenye viza hai ya Marekani haombwi viza ya Mexico, hata akiwa na pasi ya Kenya. Na tarehe ya mwisho ya kukaa uliyopewa uwanja wa ndege iwe bado. Mwanaisha, wewe beba green card yenyewe pamoja na pasi. Picha kwenye simu haikufai kitu mbele ya afisa.

Mwanaisha: Sawa Mama. Zote ziko mkobani.

Mjomba Athumani: Zuhura, mimi niko Mombasa lakini habari nazisikia. Si ndiko wanakouana kila siku? Mtoto wa watu amekuja kutembea, mnampeleka huko kwa nini?

Shangazi Zuhura: Kaka, sikubishii. Mauaji yapo, na serikali ya Marekani kwa miaka sasa inawaambia watu wake wafikirie tena kabla ya kwenda jimbo la Baja California. Lakini mengi ni ya magenge ya dawa za kulevya, na mitaa mingi yanakotokea mgeni hana la kufuata. Tijuana ina watu karibu milioni 2. Wanaamka wanaenda viwandani kuunda televisheni na vifaa vya hospitali, wanapeleka watoto shule. Maelfu wanavuka kila alfajiri kuja kufanya kazi huku San Diego. Wanangu watatembea mchana, mahali penye watu.

Mjomba Athumani: Na usiku?

Shangazi Zuhura: Magharibi wawe wamesharudi. Na mtaa wa Zona Norte wasikanyage. Iko jirani kabisa na barabara ya watalii, mtu anaweza kupotea akajikuta humo. Salma, mkifika kwenye lile tao kubwa la chuma, fuateni Avenida Revolución kwenda kusini, msikate upande wa kaskazini.

Salma: Nimeandika. Pesa je?

Shangazi Zuhura: Dola wanapokea, ila chenji utarudishiwa kwa hesabu yao. Badilisha kidogo upate peso. Teksi za njano pale mpakani hutaja bei kubwa, afadhali muite Uber. Na mtaona dawa zinauzwa kila mlango. Msinunue hata kidonge cha kichwa! Mwaka 2023 lilitolewa onyo la wazi kwamba baadhi ya maduka ya mipakani yalikuwa yakiuza vidonge bandia vyenye fentanyl, dawa kali ya kulevya. Kidonge kimoja kinatosha kumuua mtu.

Babu: Mungu atuepushe.

Faraja: Shangazi, jioni njema. Salma, mukifika kule, musikule pale kwenye Revolución tu. Miye nilikaa Tijuana nikingojea miadi yangu ya kuingia Marekani. Niliosha vyombo kwa mama mumoja anauza taco, vichapati vya mahindi vyenye nyama, karibu na soko la Mercado Hidalgo. Nyama yake, aah!

Salma: Shemeji, kumbe wewe ni mwenyeji! Sisi tutakula nini? Nguruwe hatuli.

Faraja: Angalia vizuri basi. Ile nyama nyekundu inazunguka kwenye chuma, wanaita adobada, ni nguruwe. Muombe res, ni ngombe. Ama pescado, samaki. Na maharagwe uliza kama yana manteca, yaani mafuta ya nguruwe. Hawakasiriki ukiuliza.

Mwanaisha: Ile adobada ni shawarma, Salma. Walebanoni walihamia Mexico na ufundi wao wa kuzungusha nyama, Wamexico wakaweka nguruwe na pilipili zao.

Faraja: Shangazi, niulize kitu. Naweza kuenda nao Jumamosi? Nataka kumuona ule mama tu, nimusalimie. Tunarudi pamoja.

Shangazi Zuhura: Faraja mwanangu, hapana. Tafadhali nisikilize. Kesi yako ya hifadhi haijaamuliwa. Ukitoka Marekani kwa miguu yako bila kibali cha safari, wanaweza kuhesabu kwamba umeiacha kesi. Na kibali cha kazi ulichonacho hakikurudishi ndani. Geti la kwenda Mexico liko wazi, ndilo linalodanganya watu.

Faraja: Hata dakika kumi?

Shangazi Zuhura: Hata moja. Ile programu ya simu uliyopatia miadi ilizimwa Januari 2025, siku ile ile alipoapishwa Rais Trump. Waliokuwa na miadi mikononi walifutiwa papo hapo. Ukibaki upande wa pili sijui tutakurudisha vipi. Mwulize wakili wako kesho, nina hakika atakwambia hivi hivi.

Babu: Msikilize shangazi yako, baba. Salamu hufikishwa.

Faraja: Nimesikia, Babu. Aksanti. Salma, nitakupa bahasha.

Salma: Naipeleka mkononi kwake, shemeji. Nitumie picha ya kibanda.

JUMAMOSI

Mwanaisha: Tumevuka. Afisa wa Mexico ameuliza tunakwenda wapi, akagonga muhuri, basi. Hata robo saa haikufika.

Salma: [picha] Babu tazama!

Babu: Huyo ni punda au punda milia?

Mwanaisha: Punda Babu, amepakwa rangi. Zamani watalii walikuwa wakipigwa picha nao, na punda mweupe hakuonekana vizuri kwenye picha za wakati ule, ndipo wakawachora milia. Wako Revolución tangu enzi za babu zao.

Babu: Wampe maji na kivuli. Jua la huko naliona hapo pichani.

Salma: Tumepita pia mkahawa wa Caesar's. Saladi ya Caesar inayouzwa mahoteli yote ya Nyali ilizaliwa Tijuana! Mwaka 1924, na Caesar Cardini, Mwitaliano. Mhudumu anaichanganya mezani mbele yako.

Mjomba Athumani: Mwitaliano alifuata nini huko?

Mwanaisha: Wateja, Mjomba. Marekani ilipiga marufuku pombe kuanzia 1920 mpaka 1933, Wamarekani wakawa wanavuka mpaka kunywa na kustarehe. Barabara hii ilinenepa kwa pesa hizo. Mwaka 1928 wakafungua kasino kubwa la Agua Caliente, Rais Cárdenas wa Mexico akaja kupiga marufuku kamari, likafungwa 1935.

Salma: Mimi kilichonishika ni soko. Mercado Hidalgo nimekaa mpaka Mwanaisha amechoka na mimi. Pilipili kavu magunia kwa magunia, nyingine nyeusi kama zabibu. Ukwaju. Rozela iliyokaushwa, wao wanaiita jamaica, wanatengeneza juisi ya baridi. Na maembe ya kukatwa yenye ndimu na pilipili, sawasawa na ya pale Lighthouse, Mombasa. Nilimwambia muuzaji kwa ishara kwamba kwetu yapo, akaniongezea vipande.

Shangazi Zuhura: Kuleni yote huko huko. Matunda mabichi na nyama msibebe kurudi. Na chochote mtakachobeba, mkiulizwa mseme.

Faraja: Kibanda mumekiona?

Salma: Tumekipata, shemeji. Mama mwenyewe yupo. Nilipomwonyesha picha yako ameshika simu kwa mikono miwili, akawaita wote waliokuwa jikoni. Bahasha ameipokea. Ameuliza kama umepata kazi na kama unakula vizuri. Nimemjibu kwa Kihispania cha simu. [sauti, dakika 1] Hiyo ni yako.

Faraja: Nimeisikiliza mara mbili. Mungu amubariki. Mwambie kazi iko.

Mwanaisha: Sasa tuko Playas, ufukweni. Ukuta wa vyuma unashuka mchangani unaingia baharini. Upande huu umechorwa picha na majina ya watu kuanzia chini mpaka juu. Watoto wanacheza mpira hapo hapo chini yake.

Shangazi Zuhura: Anzeni kurudi sasa. Foleni ya Jumamosi jioni inaweza kula masaa.

Mwanaisha: Tuko kwenye foleni. Ndefu kweli, mbele yetu kuna wanafunzi na akina mama wenye mifuko ya soko. Kuna kaka wawili wa Cameroon wamesimama nje, mmoja amesikia lafudhi yetu akatusalimia. Wanaishi Tijuana, wanafanya kazi. Wanasema Waafrika bado wapo wengi, na Wahaiti zaidi.

Shangazi Zuhura: Wapo. Na wapo Waislamu kati yao. Kina mama wa Latina Muslim Foundation wa hapa San Diego walifungua makazi ya wahamiaji huko Tijuana mwaka 2022, yanaitwa Assabil. Mna msikiti humo na chakula halali.

Salma: Shangazi kwa nini hukutuambia? Tungepita.

Shangazi Zuhura: Sehemu kama ile haivamiwi na wageni, mwanangu. Nitawapigia niulize wanachohitaji.

Salma: Tumetoka! Afisa ameuliza nimenunua nini, nikasema pilipili kavu na kitambaa, akaangalia pasi, akaniambia nipite. Tunaelekea kwenye Trolley.

Mjomba Athumani: Alhamdulillahi. Sasa nalala.

Shangazi Zuhura: Haya. Jumatatu nawapigia simu Assabil. Walioko San Diego, nguo za baridi za watoto na mablanketi safi leteni kwangu kabla ya Ijumaa. Mwanaisha atavusha. Faraja, wewe utanisaidia kupanga na kufunga mizigo.

Faraja: Niko hapo, Shangazi. Nitaleta na sanduku kubwa.