Kwa nini wimbo maarufu humnyima mwanasarakasi makofi yake?

Mfawidhi_Malindi aliuliza:

Assalamu alaykum, wazee wangu na ndugu zangu. Mimi ni mshereheshaji katika hoteli moja ya ufukweni hapa Malindi. Usiku wa maonyesho kazi yangu ni kukitambulisha kikundi cha vijana wa sarakasi, kisha hukaa pembeni ya jukwaa nikiwaangalia watazamaji zaidi kuliko wachezaji, na lipo jambo linalonitatiza. Vijana wanapojenga piramidi kwa mlio wa ngoma tupu, ukumbi wote hunyamaza, na yule wa juu kabisa anaponyoosha mikono, makofi hulipuka. Ikipigwa Jambo Bwana ya Them Mushrooms, ambayo tangu 1982 imekuwa kama wimbo wa taifa wa hoteli za pwani, wageni huimba, hufuata mdundo kwa viganja na kurekodiana kwa simu, na kijana aliyesimama juu ya mabega ya wenzake hushuka pasipo mtu kumtambua.

Sasa kikundi hicho kinataka kutunga onyesho zima juu ya nyimbo za mwimbaji mmoja wa taarabu, na safari hii kwa ajili ya wenyeji. Nimesoma kwamba kampuni ya Cirque du Soleil ya Kanada imefanya hivyo kwa nyimbo za Beatles, Elvis Presley na Michael Jackson, na kwamba watazamaji hawakuyapokea maonyesho hayo kwa namna moja. Aliyeyaona au anayeijua kazi hii anieleze: ni nini humfanya mtazamaji alipokee moja kwa machozi na jingine kwa miayo?

Msafiri_Mkomani alijibu:

Wa alaykum salaam, ndugu mfawidhi. Nilipokuwa nikiishi Marekani niliwahi kuliona lile la Beatles lililoitwa LOVE, na baadaye lile la Michael Jackson liitwalo ONE, lililoanza Las Vegas mwaka 2013.

LOVE lilifunguliwa mwaka 2006 katika hoteli ya Mirage na likadumu hadi Julai 2024, hoteli yenyewe ilipofungwa ili ijengwe upya. Waliolitengeneza walipewa kanda za asili za studio, na George Martin, aliyekuwa mtayarishaji wa bendi hiyo, pamoja na mwanawe Giles, wakazikata na kuziunga upya, hata ukasikia uimbaji wa wimbo mmoja ukipita juu ya ngoma za wimbo mwingine. Mtu aliyezihifadhi nyimbo hizo tangu utotoni hakuweza kuziimba kwa mazoea, kwa kuwa kila alipodhani amefika kwenye kiitikio aligeuziwa njia, na aliyegeuziwa njia hulazimika kutazama. Ukumbi ulikuwa wa duara, wenye spika zaidi ya 6,000, nyingine zikiwa ndani ya viti karibu na masikio. Ilifika mahali kitambaa kikubwa cheupe kikavutwa juu ya vichwa vyetu sote, na hapo hata mabibi waliokuwa wakiimba nyuma yangu walinyamaza.

Lile la Elvis sikuliona, ila habari zake zinajulikana. Viva Elvis lilizinduliwa rasmi Februari 2010 katika hoteli ya Aria, likafungwa Agosti 2012 kwa sababu tiketi hazikwenda kama ilivyotarajiwa. Lilisimulia maisha ya mwimbaji, dansi na bendi vikachukua nafasi kubwa, na waliolilalamikia walisema kwamba mpenzi wa Elvis hakumpata Elvis, na mpenzi wa sarakasi hakushiba sarakasi. Lililopokea ukumbi ule, Zarkana, halikuegemea mwimbaji yeyote maarufu.

Katika ONE niliona jambo la tatu. Taswira ya Michael Jackson hutokea jukwaani na kucheza pamoja na wachezaji walio hai, na watu hulia. Lakini tuseme kweli: wanamlilia marehemu, na wala sidhani kwamba kuna anayekumbuka ni nani aliyeruka juu ya trampolini dakika chache kabla ya hapo.

Bi_Langoni alijibu:

Mwanangu mfawidhi, nimesoma maelezo ya huyu ndugu yetu wa Mkomani na yamenifaa, lakini mkumbuke kwamba mtazamaji wa taarabu si yule wa Las Vegas. Kwetu Lamu watu hawaendi kwenye taarabu ili watazame, wanakwenda kusikia maneno. Akiimba mtu beti za Juma Bhalo au za Zein l'Abdin, ambaye ni mzaliwa wa hapa hapa, mtu hukaa kimya akisubiri mshororo unaomhusu, na ukifika huinuka na noti mkononi, akamwendea mwimbaji kumtunza huku akimtazama yule aliyekusudiwa. Huo ndio upeo wa usiku. Sasa niambie, mshororo huo utakapofika na kijana wako yuko hewani anapiga samasoti, mwenye noti aende wapi? Akienda mbele atagongwa, na akibaki kitini mmemnyima haki yake. Huyo ndiye atakayetoka akisema onyesho halikuwa na maana, na wala hatakuwa na kosa.

Kwa rai yangu, mchezo mzito uwekwe palipo na udi na fidla peke yake, kabla ya ubeti na baada ya kiitikio. Maneno yakianza, vijana watulie katika umbo walilolijenga. Na msisahau kuomba idhini kwa warithi wa huyo mwimbaji, maana hao wa Cirque hawakugusa wimbo kabla ya kukubaliana na wenyewe.

Mruka_Pete alijibu:

Shikamoo Bibi. Mimi ni mwanasarakasi, nilifunzwa Nairobi na sasa nafanya kazi katika hoteli za Malindi na Watamu. Naafikiana na Bibi, ila kuna shida ya kiufundi ambayo mtazamaji haioni. Wimbo uliorekodiwa haumsubiri mtu. Tunapopanda viti vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kiti cha nne kikitikisika ni lazima nisimame, nivute pumzi, na aliye chini arekebishe mguu. Mpiga ngoma aliye hai huniona, akaendelea kuzungusha mdundo ule ule hadi niwe tayari, kisha akaupandisha, na watu wakadhani kutikisika kule kulikuwa sehemu ya mchezo. Wimbo wa kwenye spika utakuwa umekwisha pita mahali pangu, watu wanaujua, na kila mmoja anasikia kwamba nimechelewa.

Si ajabu, basi, kwamba onyesho la kwanza la Cirque la nyimbo za Michael Jackson, lililozunguka dunia kuanzia 2011 hadi 2014, lilikuwa na bendi jukwaani ingawa sauti yenyewe ya mwimbaji ilitoka kwenye kanda. Mkipata mpiga udi na mpiga dumbaki walio tayari kututazama sisi badala ya kuitazama hadhira, nusu ya tabu imekwisha.

Mfawidhi_Malindi alijibu:

Nawashukuru nyote, na shikamoo kwako Bibi. Nimewaeleza vijana habari ya udi na ubeti, nao wamekubali kujaribu wimbo mmoja tu kwanza, na wapigaji wawili walio hai. Swali lililobaki ni la jukwaa: tuache njia katikati ya wachezaji kwa ajili ya watunzaji, au mwimbaji awekwe kando?

Bi_Langoni alijibu:

Marahaba. Mwekeni mwimbaji kando, upande wa wanawake, na njia ya kumfikia iwe pana. Anayekwenda kutunza hataki kuinama chini ya miguu ya mtu.