Mama alitia dole gumba akidhani ni karatasi ya mkopo. Naombeni ushauri

BintiBombo:
Asalaam aleikum wanajukwaa. Mtaniwia radhi, habari yenyewe ni ndefu.

Mama yangu amepita miaka 50, anasuka na kuuza vikapu na masinia ya ukindu hapa Bombo, Uganda. Mwaka jana alikopa shilingi 800,000 kwa mkopeshaji mmoja, anunue ukindu na rangi kwa jumla. Akapewa karatasi mbili za Kiingereza, akaambiwa, "Weka dole hapa na hapa, Hajati, ni utaratibu tu." Akaweka. Tangu hapo amekuwa akilipa kila wiki bila kuruka, na risiti hakupewa hata moja.

Wiki mbili zilizopita wakaja watu na mpima ardhi. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alipoonyeshwa karatasi, kumbe si ya mkopo. Ni makubaliano ya mauziano. Inasema mama ameuza kibanja chake, yaani kipande cha ardhi anachokaa na kukitumia, alichokinunua mwenyewe kwa pesa za vikapu, kwa hizo 800,000.

Nilimuuliza kwa nini hakuniita nimsomee. Alikaa kimya kitambo, kisha akasema, "Watu walikuwa wamekaa pale wananitazama." Maneno hayo yananinyima usingizi.

Mama alikuwa darasa la kwanza mwaka 1979, Amin alipoanguka na sisi Wanubi wa Bombo tukatawanyika. Wao walikimbilia Sudan. Huko alisoma chuo cha Kurani, nayo anaisoma vizuri kabisa. Waliporudi, kaka zake wakapelekwa shule, yeye akaozwa. Daftari lake la madeni ameliandika kwa herufi za Kiarabu, maneno yenyewe Kinubi na Kiswahili. Mimi mwenye diploma siwezi kusoma hata mstari mmoja.

Sasa mkopeshaji anasema hivi: "Hajati anasoma Kurani, atajiitaje mtu asiyejua kusoma?" Kaka yangu naye anataka tumnyang'anye mama simu na kitambulisho ili asitie dole popote tena.

Je, kuna njia kisheria? Na nitamwambiaje habari ya darasa la watu wazima bila kumvunjia heshima?

Msaidizi_wa_Sheria:
Dada, pole. Kwanza, mama asitie saini wala dole kwenye karatasi nyingine yoyote, hata wakisema ni ya kumaliza ugomvi. Na asitoe hata shilingi bila risiti.

Uganda tuna Sheria ya Kuwalinda Wasiojua Kusoma, iko tangu enzi za Mwingereza. Hoja ya mkopeshaji inaangukia hapo hapo, kwa sababu sheria hiyo haiulizi kama mtu anajua kusoma kitu fulani maishani mwake. Inaangalia hati yenyewe. Asiyejua kusoma na kuelewa maandishi au lugha ya hati ile ndiye sheria inayemlinda. Mama angekuwa shekhe mkubwa, mbele ya karatasi ya Kiingereza bado analindwa.

Tena inamtaka anayemwandikia mtu wa namna hiyo aandike kwenye hati jina lake kamili na anwani yake. Akifanya hivyo anakiri kwamba aliagizwa aandike, kwamba alichoandika ndicho alichoagizwa, na kwamba alimsomea mwenyewe na kumweleza. Mahakama zetu zimewahi kuzikataa hati zisizo na uthibitisho huo. Itazame nakala: jina la aliyeandika liko wapi?

Jambo jingine: kama kibanja kiko kwenye ardhi ya mailo, yaani ardhi yenye hati ya mmiliki mwingine, huyo mwenye mailo alipaswa kuridhia mauzo. Mwulizeni kama alijulishwa. Nendeni FIDA, wanawasaidia wanawake kisheria bila malipo. Na UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji, mkaulize kama huyo ana leseni.

Mwana_wa_Luwero:
Sitaki kumuumiza mtu, ila kaka yako ana hoja. Mzee wangu alipoteza ng'ombe wanne kwa karatasi kama hiyo. Tulimwachia "heshima" yake, miezi minne baadaye akatia dole kwingine. Kitambulisho kikae kwa watoto. Mali ikishaondoka, heshima haiwarudishii ng'ombe.

Boda_wa_Kawempe:
Anayeandika ni mpwa wangu, mimi nasema tu. Nina miaka 38, sijui kusoma. Namba nazijua.

Mwanangu alipougua, bahasha ya dawa iliandikwa 1x3. Nesi wa zamani alikuwa akinichorea jua na mwezi, siku hiyo hakuwepo. Mimi nikaona moja, nikaona tatu, nikampa kidonge kimoja kwa siku, siku tatu. Kumbe ni kimoja mara tatu kila siku. Mtoto alilazwa wiki nzima. Alipona, Mungu mkubwa. Nilipotoka pale sikumwambia mke wangu kosa lilikuwa langu. Nilisema dawa zilikuwa mbovu. Tulikaa miaka mingine miwili kabla sijamwambia ukweli.

Nataka ndugu wa hapo juu anielewe. Ukimnyang'anya mama kitambulisho, atajifunza kuwaficha na ninyi. Mimi abiria akinipa karatasi yenye mahali anapokwenda, nasema macho yanauma, nisomee. Miaka yote nasema macho yanauma. Mtu anayeona haya ana mbinu nyingi kuliko mnavyodhani.

Mwalimu_Mstaafu:
Binti yangu, nimefundisha watu wazima tangu FAL, programu ya serikali ya kisomo cha watu wazima, ilipoanza mwaka 1992, hadi ilipogeuzwa kuwa programu mpya iitwayo ICOLEW. Ndugu yetu wa boda amesema kweli. Wengi niliowapoteza darasani hawakushindwa na herufi. Walishindwa na kuonekana wanaingia mlangoni.

Sensa ya 2014 ilikuta kama watu 72 katika kila 100, wa miaka 10 na kuendelea, wanajua kusoma na kuandika. Lakini hesabu hiyo ni ya lugha yoyote. Kwa hiyo mama yako serikalini anahesabiwa msomi, na ofisini kwa mkopeshaji ni kipofu. Rika lake walikuwa watu wazima elimu ya bure ya msingi ilipokuja mwaka 1997, haikuwakuta. Usimwite mjinga hata moyoni mwako.

Sasa hilo daftari. Umelipita haraka, mimi limenishtua. Mwanamke anayeandika madeni ya wateja ameacha kuandika deni lake mwenyewe? Mwombe akusomee. Mtu aliyeuza kibanja halipi kila wiki. Likiwa na malipo, mtafuteni mtu wa kulitafsiri mbele ya wakili, na asiandike kitu kipya kwenye kurasa hizo.

Kuhusu darasa, nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa eneo lenu, uulize kikundi kinachokutana pamoja na kuweka akiba. Mtu akionekana anakwenda kuweka akiba hakuna wa kumcheka. Na kabla ya kumwomba mama ajifunze kwako, jifunze wewe kwake.

BintiBombo:
Nimerudi. Mwalimu, Mungu akulipe.

Jana baada ya Isha nilimwomba mama anisomee daftari. Alivaa miwani, akalifungua kutoka kulia, akapita wateja wa masinia, akafika ukurasa alioukunja pembe. Akaanza kusoma kwa kidole: siku, kiasi, aliyepokea. Shilingi 25,000 kila mara, malipo 34. Nikajumlisha kwenye simu: 850,000. Malipo ya tisa ameandika pembeni kwamba kijana aliyepokea alikataa kumpa risiti.

Kaka alikuwa amekaa mlangoni. Habari ya kitambulisho hakuitaja tena.

Nakala ya mauziano haina jina la aliyeiandika popote. Mwenye mailo anasema hakujulishwa. Keshokutwa saa tatu tuna miadi na wakili, mama atakwenda na daftari lake mwenyewe.

La darasa bado sijalisema. Nimemwomba kwanza anifundishe herufi zake. Leo nimefika jimu, na amenifutisha mara tatu.