Kiwanda kilichokufa: kitunzwe au kiuzwe skrepa?

Mleta mada: Wakuu, hivi kuna sababu gani ya kumwaga hela ya walipa kodi kwenye mitambo isiyozalisha hata msumari? Jengo la mawe ukiliezeka vizuri linakaa, ila kiwanda cha chuma ni kutu tupu. Angalieni Völklingen kule Ujerumani, matanuru yalizimwa 1986, mwaka 1994 UNESCO ikayatia kwenye urithi wa dunia, na tangu hapo ni kupambana na kutu tu, upande huu unatengenezwa ule mwingine unaliwa. Mimi nasema wapime, wachore, wapige picha, wahifadhi na madaftari, afu vyuma vikayeyushwe.

Nyundo: Picha haitoshi mkuu. Coalbrookdale, Uingereza, ndo pale Abraham Darby alipoanza 1709 kuyeyusha chuma kwa koki (makaa ya mawe yaliyochomwa kwanza ili uchafu utoke) badala ya mkaa wa miti, na tanuru lake lilikuja kufukuliwa kwenye kifusi 1959. Lingewahiwa na watu wa skrepa leo tungekuwa tunabishania hadithi tu.

Mleta mada: Asante kwa kunisaidia hoja 😄 Hilo hilo tanuru lina mhimili wa chuma ulioandikwa mwaka, leo unasomeka 1638, ikaja kupatikana picha ya zamani inaonyesha 1658. Sasa kipi kilisema kweli, chuma au picha?

Nyundo: Hapo umenipata, nakubali. Lakini picha inajibu kile tu ambacho mpiga picha alikiona cha maana. Mavi ya chuma (yale mabaki yanayotupwa chuma kikishayeyushwa) je? Nani aliwahi kuyapiga picha, na ndo hayo ukiyapeleka maabara yanakwambia walitumia mawe gani na moto ulifika wapi. Madaftari aliandika tajiri, kibarua hakuandika kitu, yeye amebaki kwenye sakafu pale ilipolika kwa miguu yake, sasa ukishamwaga zege juu umemfuta mara ya pili.

Dohani: Naingilia hapo kwa kibarua maana ndo panaponiuma. Kutunza peke yake sio ukweli. Hashima, kile kisiwa cha mgodi wa makaa Japani, kimeingia urithi wa dunia 2015 na Japani yenyewe ikakiri pale kwenye kikao kwamba Wakorea wengi waliletwa bila hiari yao na kufanyishwa kazi kwa nguvu. Mwaka 2021 kamati ya urithi wa dunia ikalalamika kuwa habari hiyo bado haielezwi inavyotakiwa. Kwahiyo kuta zipo, watu hawapo.

Mleta mada: Dohani hilo sina ubishi nalo. Haya, mavi ya chuma na sakafu vibaki, nimeshusha silaha. Ila Völklingen kuna matanuru 6 yamejipanga mstari, kwani moja lisingetosha kufundishia?

Nyundo: Moja bila vipuliza hewa vyake, bila matanuri ya koki, bila njia ya kupandishia mawe ni sufuria kubwa tu mkuu. Pale kilichotunzwa ni kazi nzima ilivyokuwa inakwenda, kuanzia makaa mpaka chuma kinatoka. Ukibakiza kipande, mgeni anapiga selfi anaondoka hajaelewa kitu.

Mleta mada: Na bili ya kutu unalipa wewe?

Dohani: 😂😂 hapo sasa.